Ncha za Fedha na Achari ya Ndimu

Toronto, Jumapili alasiri

Dada yangu mkubwa Mwajuma,

Shikamoo dada. Mdogo wako Tatu yu mzima, miguu inalalamika kidogo kwa baridi lakini inakwenda inakotumwa. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua bado unaipaka, au umeshaiacha kwa uvivu? Na paa la jikoni, limezibwa au bado linavuja? Nijibu kimoja kimoja. Usinijibu "sote wazima" kama ulivyozoea, maana ukisema hivyo mimi huku najiuliza ni nani mgonjwa mnayenificha.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati simu tunazo. Lakini mwanao Rukia husikiliza kila sauti ninayotuma kabla hujaisikia wewe, na neno hili si la Rukia. Barua hii nitampa mtu anayekuja Dar, nitaifunga kwa gundi, halafu nitapitisha na selotepu juu yake. Ukikuta selotepu imebanduliwa, niambie. Namfahamu huyo mtu, lakini si sana.

Umeniuliza mara tatu kuhusu ile achari ya ndimu uliyonitumia. Mara ya kwanza nilikujibu kuwa ni tamu sana. Mara ya pili nikasingizia mtandao. Mara ya tatu nikanyamaza. Dada, achari yako sijaifungua. Mwezi wa tatu huu imo kabatini, nyuma ya mfuko wa mchele, na kifuniko chake kiko vilevile ulivyokikaza kwa mkono wako. Sababu yake nadhani unaijua, ila hatujawahi kuitaja mimi na wewe. Leo nataka kuitaja, na njia pekee niliyoipata ni kupitia kwa bibi mmoja wa Kichina na vijiti vyake vya kulia. Nivumilie, na usiruke ukurasa.

Bado nakaa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja, pamoja na Njeri, yule Mkenya nesi niliyekuambia. Tangu mwisho wa kiangazi nimepata kazi ya kumwangalia bibi mmoja mzee anaitwa Bibi Kwan. Anakaa peke yake mbali kaskazini, natoka asubuhi napanda basi, nashuka naingia treni ya chini, natoka napanda basi lingine. Namwogesha, nampa dawa zake, nampeleka kutembea kwenye korido ya jengo lao wakati nje barafu haikanyagiki. Ana miaka themanini na sita, mwili mdogo kama wa mtoto wa darasa la nne, lakini macho, dada! Macho yale yanahesabu.

Aliyeniajiri ni binti yake, Mei, mama wa makamo anayefanya kazi ofisini na kuongea upesi upesi. Siku ya kwanza alinionyesha kila kitu, kisha nikaona jikoni, juu ya jokofu, saa ndogo nyeusi. Saa gani haina mishale wala namba? Nikaitazama, nayo ikanitazama. Ilikuwa kamera. Tangu siku hiyo nikawa nafungua makabati taratibu na kuinua mikono juu kidogo, waone kuwa haikubeba kitu. Njeri alinicheka. "Wacha hizo, kila mtu huku ana kamera." Mimi sikucheka. Mtu akikuwekea jicho jikoni amekwisha kukufikiria vibaya, amebakiza kungoja tu.

Sasa vijiti. Wenzetu hawa hawali kwa mkono wala kwa kijiko, labda mchuzi. Kila kitu ni vijiti viwili, na kila mtu nyumbani ana vyake. Vya Bibi Kwan vya kila siku ni vya mianzi, vimeng'aa kwa kushikwa. Mimi aliniwekea uma wa plastiki. Nikautazama ule uma nikasema moyoni, haya, huyu ameshaniweka upande wa wageni wa njiani. Baada ya wiki mbili nikamwambia anifundishe. Akaenda kuleta jozi moja ya mbao na kisahani cha karanga.

Nilihamisha karanga kutoka kisahani hiki kwenda kile siku nne mfululizo. Kijiti cha chini kinakaa kimya kwenye bonde la kidole gumba, cha juu ndicho kinachotembea. Nilitoka jasho katika nchi ya barafu. Na masharti! Usigonge ukingo wa bakuli, hivyo hufanya ombaomba. Usichimbue sahani kutafuta nyama nzuri, chukua iliyo mbele yako. Usichome chakula kama unavua pweza. Siku moja nilivisimamisha wima ndani ya wali ili nipangusie mikono, akanipiga kofi la vidole, pa! Akaving'oa mwenyewe na kuvilaza. Wali wenye vijiti vilivyosimama ni chakula cha maiti, hivyo ndivyo wanavyowawekea wafu wao. Sharti kubwa kuliko yote ni hili: mdogo hainui vijiti mpaka mkubwa ameinua. Hilo lilinipendeza, hata kwetu mtoto hatangulizi mkono kwenye sinia. Lilishika kumbukumbuni lakini, utaona, halikushika mkononi.

Nilimuuliza kwa nini juu vina pembe nne na chini ni duara. Akanijibu kwa Kiingereza chake kilichokatikakatika kama changu, "Pembe nne havibingiriki mezani. Duara haikwaruzi mdomo." Kisha akafikiri kidogo akaongeza kuwa wazee wao husema mbingu ni duara na ardhi ina pembe nne, na mkono wa mtu uko katikati. Na ni virefu kwa sababu mabakuli yote yako katikati ya meza, inabidi ufike bila kumpita mwenzako puani. Visu je, nikauliza, mbona mezani hakuna kisu? Akashangaa kama niliyeuliza habari ya panga. "Kisu kimemaliza kazi jikoni. Mezani cha nini? Tunagombana?"

Lakini kulikuwa na jozi nyingine mezani, ya kupakulia, ambayo hakuna mdomo unaoigusa. Kila alipotaka kuniwekea kipande cha samaki, aliviweka chini vyake, akashika ile ya kupakulia. Kila mara. Hata siku nilizoketi karibu naye kabisa. Dada, wewe unanijua. Mimi nimekula sinia moja na watu wanane, na yule wa tisa akija tunasogea. Nikaona kinyaa. Nikasema, huyu anaogopa mate yangu, au anaogopa mimi mzima.

Haya. Mwezi wa pili Mei akaacha kuleta chakula cha kununua, akaniomba niwe napika. Siku ya kwanza ya kupika kwangu, Bibi Kwan hakuchukua vijiti vyake vya mianzi. Aliniambia nimpe boksi jekundu lililoko chini ya nguo zake. Ndani, katika kitambaa cha hariri, kulikuwa na jozi moja nyeusi yenye ncha zilizovishwa fedha. Nilipovishika nikajua ule mti kwa uzito wake tu, baba hakutulea bure na fimbo zake za mpingo. Kama si mpingo wenyewe ni nduguye. Nikafurahi, nikadhani anaheshimu upishi wangu.

Akachovya ncha za fedha ndani ya mchuzi. Hakula. Akangoja. Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza upande huu na huu. Ndipo akala.

Dada, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikaiona sahani ya bibi yetu. Ile ya kijani, ya Kichina, iliyokuwa ukutani Kilwa tangu hatujazaliwa, ambayo bibi alisema ukiitilia chakula chenye sumu inapasuka. Huyu mzee alikuwa na sahani yake katika ncha za vijiti. Alikuwa ananipima. Kila siku, adhuhuri, anachovya, anangoja, anatazama dirishani, anakula. Nami nakaa mbele yake na tabasamu la kubandika. Nilichukia. Nilichukia mpaka nikaanza kumtilia chumvi kidogo kuliko apendavyo, makusudi.

Sasa sikia yaliyotokea. Ilikuwa Jumatatu. Nilimpikia uji wao wa mchele, mzito, nikapondea ndani mayai mawili ya kuchemsha, maana meno yake yalikuwa yanamsumbua. Uji wao huunywa kwa kijiko, lakini yeye alitia vijiti vyake kwanza kama kawaida. Wakati huohuo simu ikalia, dada yake mdogo anampigia kutoka kwao. Wakaongea, wakacheka, wakaongea. Vijiti vimelala ndani ya bakuli. Alipomaliza akavitoa, akavipeleka dirishani.

Ncha zilikuwa nyeusi.

Nilimwona uso unavyobadilika. Hakupiga kelele. Alilisukuma bakuli mpaka katikati ya meza, pole pole, kama mtu anayesogeza kitu kinachoweza kumwuma. Kisha akachukua simu, akampigia binti yake, nami nikasikia jina langu ndani ya Kichina. Tatu, kisha maneno, kisha Tatu. Nikatazama kamera juu ya jokofu. Nikafikiria karatasi zangu za ukaazi, ambazo zinangoja barua ya mwajiri. Nikafikiria nitasemaje polisi na Kiingereza changu.

Mei alifika ndani ya nusu saa, koti hajavua. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu. Unakumbuka bibi yetu alivyokuwa akimkirimu mgeni asiyemfahamu? Anamega tonge la kwanza yeye, anakula mbele ya macho yake, anatoa sumu, ndipo anamkaribisha. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Basi nikalivuta lile bakuli, nikachukua vijiti vyangu vya mbao, nikaanza kula. Nikala mbele yao wote wawili, nikiwatazama machoni, tonge baada ya tonge. Nikasema, "Oneni! Oneni mimi nakula!"

Bibi Kwan alipiga meza kwa kiganja. Sasa ndiyo alipiga kelele. Nilidhani ataona sina hatia. Yeye aliona kijakazi amenyang'anya bakuli la mzee wa nyumba, akainua vijiti kabla yake, akala chakula cha mdomoni mwake. Mei akanishika mkono. "Tafadhali nenda nyumbani," akaniambia. "Usije mpaka nikupigie."

Siku tano, dada. Siku tano nilikaa dirishani ghorofa ya kumi na moja nikitazama watu wanavyoteleza kwenye barafu, na kila simu ilipolia niliigeuza nione kama ni Mei. Sikujua kama lile bakuli wamelipeleka kupimwa. Nikaanza hata kujishuku mimi. Je, kama sufuria ilikuwa na sabuni? Je, kama kuna mtu alitia kitu? Mei mwenyewe je, asiyetaka kulipa mtu wa kumwangalia mama yake? Nikamshuku Mei kwa siku nzima. Unaona kichwa kinavyokwenda kikiachwa peke yake.

Siku ya tano Njeri alikuwa mapumziko, akaniuliza mbona siendi kazini. Nikamwambia yote. Akaketi akisikiliza, halafu akaniuliza swali moja. "Kwani hiyo uji uliweka nini?"

"Mchele, tangawizi, mayai."

"Mayai." Akaanza kucheka. "Tatu, wewe! Hiyo ni yai tu. Yai na silva hazipatani, hiyo tulifanya kemia fomu tuu. Leta silva yoyote nikuonyeshe."

Sina fedha yoyote duniani ila pete ya marehemu Athumani. Nikaivua. Tukachemsha yai, tukaliponda lingali moto, tukaizika pete ndani ya kiini chake. Njeri akapika chai. Tukanywa. Kama robo saa baadaye akaifukua kwa kijiko, akaipangusa kwa kitambaa, akanipa.

Ilikuwa nyeusi, dada. Pete ya mume wangu nyeusi kama iliyotoka motoni, na hakuna sumu katika nyumba ile, ni yai la kununua dukani na mimi nilikuwa nimekula nusu yake nyingine.

Njeri alinipa hongera. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni, nikalia, naye hakujua kwa nini. Sikuwa namlilia Bibi Kwan. Nilikuwa nakulilia wewe.

Lakini kwanza nimalize. Jumamosi adhuhuri nikaenda bila kuitwa. Mei akafungua mlango nusu. Nikamwonyesha yai mkononi na pete, nikamwambia, "Dakika ishirini tu, kisha naondoka na sirudi." Akanitazama, akafungua. Nikafanya mbele yao yale aliyoyafanya Njeri. Tukakaa wanawake watatu tukilitazama yai kama wanaongoja treni. Nilipoifukua pete, Bibi Kwan aliichukua, akaipeleka dirishani kwake, akaigeuza upande huu na huu. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitegemea.

"Nilikushuku."

"Najua, Bibi."

"Kila siku nilikushuku."

"Kila siku nilijua."

Akamwambia Mei jambo kwa lugha yao, Mei akainamisha kichwa, akanieleza. Kabla yangu alikuwako mwanamke mwingine, aliyekuwa akisaga vidonge vya usingizi na kumtilia bibi ndani ya supu, ili alale mchana kutwa na yeye apumzike. Walikuja kujua siku alipoanguka chooni. Ndiyo sababu ya kamera. Ndiyo sababu ya chakula cha kununua.

Nikamwuliza Bibi Kwan, "Sasa hizi ncha za fedha zinaona vidonge vya usingizi?"

Akatikisa kichwa. "Hazioni. Najua hazioni. Lakini sikuwa na kitu kingine."

Hapo hasira yote iliniishia, dada. Mzee wa miaka themanini na sita, anategemea mikono ya mtu asiyemjua, ana vijiti viwili tu vya kujilindia, na anajua kuwa havimlindi.

Nami nikamweleza kwa nini nilikula kabla yake, habari ya tonge la kutoa sumu. Mei ilibidi amfasirie mara mbili. Alipoelewa alicheka mpaka akakohoa. "Basi wewe onja jikoni," akasema, "mimi nisione." Tukakubaliana hivyo na ndivyo tunavyofanya hadi leo, kamera inashuhudia. Ncha za fedha nimezisugua kwa dawa ya meno, zimerudi kung'aa, ziko ndani ya boksi jekundu.

Nikamsimulia pia sahani ya Kilwa. Macho yale yakafunguka. "Sahani yetu? Ilifikaje huko?" Nikamwambia ilifika zamani ambazo hata bibi yetu hakuzijua, na kwamba iliaminiwa kuliko daktari. Akauliza iko wapi sasa. Nikamwambia imepasuka. Akauliza ilipasukaje. Dada, sijui kilichonipata, nikamwambia yote, yale ambayo sijamwambia Njeri wala nafsi yangu kwa sauti.

Nayaandika na kwako sasa.

Ile Idi ya mwisho tuliyokula kwako, wewe ulipakua pilau kwenye sahani ya bibi ili kumheshimu Athumani, kwa kuwa alikuwa shemeji yako wa pekee. Sahani ikalia tak! ikapasuka katikati mezani, watu wakacheka, ukaleta sinia. Siku ya tatu Athumani akaanza kutapika. Mwezi haukwisha tukamzika. Daktari aliniambia ni ini, limekuwa likioza muda mrefu, na akaniandikia. Karatasi ninayo mpaka leo. Lakini mama mkwe alinishika bega matangani akaninong'oneza, "Sahani ilisema." Sikukubali, wala sikukataa. Nililibeba neno lile kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake stendi, asiyejua ndani yake mna nini, na nikapanda nalo ndege.

Siku ya kuniaga ulinipikia. Nikakuambia nimefunga. Haukuwa mwezi wa kufunga, dada, na Alhamisi haikuwa wala Jumatatu. Ulinitazama, ukachukua kawa, ukafunika sahani yangu. Najua ulijua. Miaka sita unanipigia simu, unaniuliza kama nimevaa soksi, na unajua.

Sahani ile ilikuwa na miaka isiyohesabika, imekaa ukutani kwenye ubaridi wa chokaa, na wewe uliitilia pilau lililotoka motoni saa ileile. Ingefanya nini zaidi ya kupasuka? Yai limeitia fedha weusi, na moto umeipasua sahani, na mimi niliyechungulia kila kabati la watu wa huku nikitafuta ubaya wao, sikuona kuwa vijiti vya fedha nilikuja navyo kutoka nyumbani, na nilikuwa nakupima navyo wewe.

Bibi Kwan aliniuliza jambo moja tu. "Huyo mkubwa wako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi unangoja nini?"

Halafu akala. Aliinua vijiti vyake vya mianzi, nami nikafuata. Alichagua kipande cha samaki cha shavuni, akaniwekea bakulini mwangu kwa vijiti vyake mwenyewe, vilivyokwisha kuingia mdomoni mwake. Ile jozi ya kupakulia ilikuwa palepale, hakuigusa. Nikala.

Nisamehe, dada Mwajuma. Sina neno lingine na sitalipamba. Ukitaka kukasirika kasirika, una haki, hata ukikaa mwaka bila kunipigia. Ila usiniambie "yamepita" upesi upesi, maana nitashuku kuwa hayajapita.

Nisalimie mume wako, shemeji yangu Seif, fundi redio asiyemaliza redio ya mtu. Nisalimie shangazi Bi Zainabu wa vitumbua, mwambie Wachina nao wanakaanga vya kwao lakini havimfikii. Rukia msalimie, na umwambie aache kusikiliza yasiyomhusu. Mama mkwe naye msalimie. Usimweleze kitu, msalimie tu, mwulize na hali yake. Yeye alifiwa na mwana, na mtu akifiwa hutafuta pa kushika.

Vile vipande viwili vya sahani, kama hukuvitupa, viunganishe kwa gundi uvirudishe ukutani. Bibi Kwan anataka picha yake.

Nimeiweka kalamu chini kidogo, nikaenda kabatini. Nimerudi. Kifuniko kilinisumbua, ulikikaza kweli, ikabidi nimwite Njeri. Sikuonja kwa ncha ya ulimi, wala sikuichovya pete. Nimechukua vijiti vyangu, nikatoa ndimu nzima na pilipili yake, nikatia mdomoni.

Ulikuwa umeuliza kama ni tamu. Pilipili imezidi, dada, machozi yananitoka na karatasi inalowa. Nimekula nusu chupa.

Mdogo wako,
Tatu